Mifuko Sita ya Meza ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kuanzia leo ili baadaye asije mtu akadai alinisaidia. Nikimaliza kazi hii watajitokeza wengi wenye midomo mirefu, nawajua.

Habari yenyewe ni hii. Sebuleni kwetu kuna meza ya puli. Si zile ndogo za kuchezea watoto. Ni meza kamili, miguu minene, kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa limelala jiwe zito ambalo watu sita walilibeba wakilia. Mama aliinunua mwenyewe klabu moja ilipofungwa, baba akiwa bado hai, na siku ilipoingia ilibidi mlango ung'olewe. Makochi yakahamia kwenye korido. Mgeni akija kwetu anakaa amebana magoti kama anasubiri kuitwa na daktari.

Wiki nzima Mama anafua mashuka ya hospitali. Jumamosi mchana anafunga kanga kiunoni, anachukua fimbo, na yeye na rafiki zake wawili, nesi na fundi cherehani, wanacheza mpaka giza linaingia. Hakuna anayemfunga. Wanaume wa mtaa waliwahi kuja kujaribu. Siku hizi wote wana shughuli.

Tatizo ni mifuko. Iko sita, minne kwenye kona na miwili katikati, na yote imelegea. Mpira unaingia vizuri, watu wanapiga makofi, halafu unapenya pembeni na kudondoka sakafuni. Juzi mmoja ulidondoka, ukabingirika hadi korido, Bibi akaukanyaga. Mguu wake umevimba kama mkate.

Leo kikao. Baba mdogo amekuja na viatu vyake vinavyong'aa, amesimama katikati ya sebule kama ameshaanza kupima.

"Shemeji," akamwambia Mama, "meza itoke. Nimeongea na seremala, anazitaka mbao zake atengenezee milango."

"Meza haina ubaya. Mifuko ndiyo imelegea."

"Muulize mama yangu mguu wake kama unajua tofauti."

"Mguu wangu uacheni," Bibi akajibu kutoka kwenye kochi. "Mnautaja sana na hakuna aliyeuletea chai."

Wakavutana mpaka wakafika hapa: lori la seremala haliwezi kupita kichochoro chetu wakati wa masika, litazama. Basi njia ikikauka, lori litakuja. Siku hiyo mpira hata mmoja ukidondoka sakafuni, meza inapanda lori. Usipodondoka, Baba mdogo hataitaja tena maishani mwake. Aliapa mbele ya mama yake.

"Na nani atakayeitengeneza?" akauliza. "Fundi wa meza hizi mtamtoa wapi?"

Nikasikia mtu anasema, "Mimi." Nikagundua ni mimi.

Wamecheka mpaka Bibi akashika mguu. Hapa nyumbani naitwa Nusu. Shule nilifika nusu. Kwa fundi redio nilikaa nusu mwaka, kwa fundi baiskeli nusu mwezi, kwa mpaka rangi nusu ya ukuta mmoja. Ule ukuta bado uko vile vile, ukipita barabara kubwa unauona.

Watajua hawajui.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimeitazama meza. Nayo imenitazama.

Jumatano, 6 Machi

Nimelala chini ya meza na tochi. Kumbe meza ni rahisi ukiiona kutoka chini, kama watu. Kila mfuko una chuma kilichopinda kama herufi U, kimevalishwa ngozi. Ncha mbili za chuma zinakaa chini ya mbao za ukingo, na kila ncha inashikwa kwa skrubu nene. Chini ya chuma inaning'inia ngozi kama soksi, ndiyo inayopokea mpira. Skrubu zimelegea, ngozi zimefumuka. Hiyo ndiyo siri yote iliyowashinda watu wazima.

Nimefungua mifuko yote sita kwa pigo moja. Skrubu kumi na mbili na vyuma sita, nimevitia vyote kwenye beseni na mafuta ya taa vilainike. Mdogo wangu, yule anayeshika namba moja darasani na kutuambia kila siku, akaja kusimama mlangoni.

"Umeweka alama?"

"Alama ya nini?"

"Ya kipi kilitoka wapi."

"Mfuko ni mfuko," nikamwambia. "Rudi kwenye hesabu zako."

Alhamisi, 7 Machi

Mfuko si mfuko.

Ile miwili ya katikati inajulikana, ni mifupi. Lakini ile minne ya kona kwa macho ni mapacha, kwa mbao ni maadui. Kila chuma kimekaa miaka na kona yake mpaka kimejipinda kuifuata. Nimejaribu cha kwanza kona ya mlango, kimebaki na mwanya unaopitisha kidole. Nimejaribu cha pili, hakiingii kabisa. Nimekipiga nyundo kidogo. Mama akaita kutoka jikoni, "Unajenga au unabomoa?"

Mdogo wangu alipita na daftari lake, akapita tena, akapita mara ya tatu akiwa hana hata daftari.

Jumamosi, 9 Machi

Leo hapakuwa na mchezo. Nesi na fundi cherehani wamekuja kwa mazoea, wakakaa kwenye korido na Mama, wote wamekunja mikono. Meza inaonekana kama mdomo wa mzee aliyeng'olewa meno. Fundi cherehani akaniambia, "Mwanangu, ukishindwa sema mapema, tutafute mchezo mwingine wa kutunyima usingizi."

"Shangazi," nikasema, "wewe jiandae kufungwa tu."

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata. Chini ya mbao za ukingo, kila chuma kimeacha kovu lake pale kilipokaa, jeusi, lenye umbo lake kamili. Nimekata karatasi za magazeti, nikachora kila kovu, nikalinganisha na kila chuma. Kazi ya siku nzima, shingo imekuwa ya mbao. Sasa kila chuma kina kona yake na nimekikwaruza alama kwa msumari.

Mdogo wangu alishika tochi saa zote hizo. Naandika hili kwa sababu amesimama nyuma yangu anasoma.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua usiku na mchana. Kichochoro kimekuwa uji. Mtaa mzima unanuna kwa sababu nguo hazikauki. Mimi peke yangu naamka natabasamu. Inyeshe. Lori lizame huko huko liliko.

Jumanne, 19 Machi

Nimepeleka zile soksi sita za ngozi kwa fundi viatu, anayekaa chini ya mwavuli uliotoboka mlangoni pa duka la vifaa vya ujenzi. Akaigeuza moja, akainusa.

"Hii ngozi imeona mafuta mara ya mwisho lini?"

"Kabla sijazaliwa labda."

"Basi ni mkubwa wako, mheshimu. Nitakushonea wiki ijayo."

"Sina wiki ijayo. Nipe sindano nishone mwenyewe."

Akanitazama kama nimeomba mke. Halafu akanipa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, akanionyesha: sindano mbili, tundu moja, moja inakwenda na nyingine inarudi, unavuta zote pamoja. Ukikosea anakupiga kisigino cha kiatu cha mteja begani. Nimepigwa viatu vya watu wengi leo, vingine vya heshima kabisa.

Jumatano, 27 Machi

Soksi ya sita imeisha. Vidole vyangu havinifai hata kushika kijiko. Fundi viatu ameivuta kwa nguvu zake zote, haikufumuka hata uzi mmoja. Akasema, "Mbaya kuitazama." Kwake hiyo ni sifa, mwulize mtu yeyote.

Jumanne, 2 Aprili

Sasa skrubu. Matundu kwenye mbao yamelika, skrubu inaingia bila hata kuzungushwa. Dawa yake naijua, niliiona kwa fundi redio katika ile nusu yangu: unachonga vijiti vyembamba, unavichovya kwenye gundi, unajaza tundu mpaka lishibe, unaacha vikauke, kisha skrubu inapata kitu cha kung'ata.

Nimejaza matundu yote kumi na mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Gundi haijakauka. Unaigusa, inakushika kama mtu mwenye shida.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimewasha jiko la mkaa nikaliweka chini ya meza. Dakika chache nyumba ikajaa moshi, Bibi akapiga kelele kwamba anazikwa mzima mzima. Mama alinitoa chini ya meza kwa kuuvuta mguu.

"Ukiunguza hiyo meza," akasema, "seremala atakuchukua wewe utengenezwe mlango."

Alhamisi, 11 Aprili

Leo Bibi alikuwa na siku yake ya kuonwa mguu hospitali. Hakuna gari linaloingia kichochoroni. Baba mdogo akaja asubuhi, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akavipanga juu ya ngazi, akakunja suruali mpaka magotini, akambeba Bibi mgongoni. Matope yalimfika nusu ya muundi. Bibi anampiga bega, "Taratibu, punda wangu, taratibu," naye anasema, "Naam, mama. Naam." Mchana akamrudisha vile vile. Akaosha miguu yake bombani, akavaa viatu, ndipo akaniuliza meza inaendeleaje. Sura yake ikawa ile ile ya siku zote.

Sikutaka kuona nilichoona, lakini nimekiona. Huyu mtu anaogopa kwa ajili ya mama yake, hilo tu. Hana roho mbaya. Lakini nitampinga hivyo hivyo.

Jumatano, 17 Aprili

Gundi imekauka. Nimekaza skrubu zote kumi na mbili. Nimening'inia kwenye mfuko wa kona kwa mikono miwili, miguu juu, mdogo wangu shahidi. Haukutikisika.

Mimi ni fundi. Naandika tena kwa herufi kubwa: MIMI NI FUNDI.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo mchezo umerudi. Nilizunguka mtaa mzima tangu jana kutangaza, na korido ilijaa mpaka mlangoni. Mipira imeingia jioni nzima, ikakaa kwenye ngozi zake kama mayai. Mama amewafunga wote. Nilikuwa nasimama kando ya kila mfuko kama mwamuzi, nikiulizwa, "Nani ametengeneza?" najibu, "Kuna kijana mmoja hivi." Fundi cherehani alinibusu kichwa. Muuza mkaa alisema mimi ni mtu wa kutumainiwa, na nikamwambia aliseme tena kwa sauti, Bibi asikie.

"Nimesikia, mume wangu," Bibi akasema. "Sasa katengeneze na bomba la choo."

Baba mdogo hakuja. Nimemtumia salamu.

Jumatatu, 22 Aprili

Jua.

Jumanne, 23 Aprili

Jua. Watu wanaanika nguo wanaimba. Sioni cha kuimbia.

Ijumaa, 26 Aprili

Jua siku ya tano. Leo nilikuwa napita sebuleni na kikombe mkononi, nikagusa mfuko wa kona ya mlango kwa kiwiko, bahati mbaya. Ukacheza.

Niliweka kikombe chini. Nikagusa wa pili, ukacheza. Wa tatu, wa nne. Ile miwili ya kati nikaigusa kwa kidole kimoja tu, maana nilishajua. Nikachukua mpira, nikauviringisha polepole. Ulifika mfukoni, ukafikiri kidogo, ukapenya, ukadondoka.

Nimeelewa nikiwa nimekaa sakafuni. Nilitengeneza mbao zikiwa zimekunywa mvua. Zilivimba, zikabana vijiti vyangu, nikadhani ni ufundi wangu. Jua limezikausha, zimesinyaa, vijiti vimebaki vinaelea ndani ya matundu. Muda wote huo nilikuwa nashikiliwa na mvua. Na mbao hizi zitakuwa hivyo kila mwaka: zitavimba, zitasinyaa, na gundi yoyote duniani itaachia.

Kama ningeishia hapo ingekuwa mbaya ya kutosha. Lakini nilinyanyuka kwenda jikoni kunywa maji, nikamsikia Mama anaongea na nesi uani.

"Kabati litakaa ukuta wa dirisha," Mama alikuwa anasema. "Nimepima. Makochi yatarudi hapa katikati, na kitanda kidogo cha mama mkwe pale kona asipande ngazi."

Amepima. Amechukua futi kamba ya fundi cherehani akapima sebule bila meza.

Nikatoka uani moja kwa moja. Nesi akaaga akasema amesahau kitu jikoni kwake.

"Kumbe na wewe huniamini," nikasema.

"Shusha sauti."

"Wale wengine sawa. Wewe ulisema meza haina ubaya. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema." Akaning'iniza shuka, akalinyoosha pembe zake, kwanza hii, kisha ile. "Mifuko imelegea tena, siyo? Nimeona tangu jana asubuhi."

"Umeona ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri uone wewe." Akachukua shuka jingine. "Sikiliza. Mimi nina bibi mgonjwa ndani, nina meza, nina shemeji aliyeapa. Nikipanga jambo moja tu nitakuwa mjinga. Nimepanga yote mawili, likitokea hili niko tayari, likitokea lile niko tayari. Wewe sijakutuma upange mawili. Wewe panga moja."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa. Watu wanashindwa kila siku na wanakula." Akanigeukia. "Lakini kushindwa na kuacha nusu ni vitu viwili tofauti. Hicho cha pili nimekichoka."

 

Jumamosi, 27 Aprili

Wamekuja, wamecheza, mipira inadondoka. Muuza mkaa akauliza, "Yule kijana mmoja hivi yuko wapi?" Watu wakacheka. Nikamwambia yuko chini ya meza anafikiri, na akitoka kila aliyecheka atalipia kiingilio.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imerudi. Nimesimama uani bila shati, nimelowa chepe. Bibi anasema nimepagawa. Acha aseme.

Nimeshajua cha kufanya. Skrubu inategemea mbao iing'ate, na mbao hii haiaminiki. Basi nisitegemee meno ya mbao. Nitoboe ukingo kutoka juu mpaka chini, nipitishe bolti nzima, juu kichwa, chini washa pana, ile pete bapa ya chuma, na nati. Mbao ivimbe ikitaka, isinyae ikitaka, bolti imeishika pande mbili. Ikisinyaa sana unakaza nati robo duara, basi.

Ubaya ni mmoja. Ukingo juu ni mbao iliyong'arishwa, ndiyo uso wa meza. Nikitoboa pabaya hata tundu moja, hakuna vijiti vitakavyofuta aibu hiyo.

Nimemwuliza Mama. Alikuwa anapanga mipira kwenye pembetatu yake.

"Vichwa vya bolti vitaonekana juu?"

"Vitaonekana. Nitavizamisha, lakini vitaonekana."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

Alipitisha kiganja juu ya ukingo, upande mmoja mpaka mwisho, taratibu, kama anavyompima mtoto homa. Akatoa kiganja.

"Toboa."

Jumanne, 30 Aprili

Fundi viatu amenipa bolti kumi na mbili alizozitoa kwa rafiki yake wa duka la vifaa, na ameazima kwa ajili yangu drili ya kuzungusha kwa mkono. Nikamwuliza atataka nini. "Nataka kucheza na mama yako," akasema, "halafu nifungwe kistaarabu."

Nimetoboa tundu la kwanza. Mbao hii ni ngumu kuliko walimu wangu wote. Nusu saa ya kuzungusha, jasho mpaka kwenye soksi, halafu ncha ikatokea chini, pale pale kwenye tundu la chuma. Sikumwita mtu. Nilikaa nikalitazama peke yangu.

Ijumaa, 3 Mei

Mifuko miwili.

Jumapili, 5 Mei

Jua. Tundu moja liliteleza upana wa punje ya mchele, nimelipanua kwa tupa, chuma kimekubali. Nilitukana maneno ambayo Bibi alisema hajayasikia tangu babu afe, na kwamba ameyafurahia.

Jumatano, 8 Mei

Mifuko minne. Jua kali. Leo nimeona baiskeli inapita kichochoroni bila kuteleza, nikaichukia.

Ijumaa, 10 Mei

Mitano. Umebaki mmoja, wa kati upande wa dirisha. Mkono wa kulia hauinuki, nimezungusha drili kwa kushoto. Mdogo wangu kanisaidia mpaka naye malengelenge yakampasuka. Hakulalamika, na Jumatatu ana mtihani. Namba moja ni haki yake, sitasema tena hivi.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikuwa chini ya meza tangu asubuhi. Matundu yote mawili yametobolewa, chuma kimekaa, nimepitisha bolti ya kwanza na kukaza nati yake. Nilikuwa natafuta washa ya pili kwenye zulia kwa kupapasa, nikasikia honi. Halafu mlango. Halafu viatu vinavyong'aa, nikaviona vinaingia, nyuma yake jozi mbili za malapa ya wapakizi na buti za seremala.

"Shemeji, njia imekauka," sauti ya Baba mdogo ikasema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Mama akasema. Miguu yake ilikuwa karibu na dirisha. "Nesi, nipatie fimbo yangu."

"Huyu nani chini?" seremala akauliza.

"Mifupa ya meza," nikasema. "Usiisumbue."

"Toka tuinue, kijana."

"Mnaweza kuinua. Nimejifunga hapa kwa bolti, mnichukue na mimi nikawe mlango."

Wapakizi wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akainama mpaka uso wake ukawa pale, umepinda, mwekundu kwa kuinama.

"Bado hujamaliza," akaniambia polepole, si kwa ukali. "Siku imefika na bado hujamaliza. Unajua watakavyosema."

"Najua. Lakini makubaliano ni mpira kudondoka, Baba mdogo. Hayakuwa mimi kuwa nimesimama. Umeona mpira wowote umedondoka?"

Alinitazama. Nilidhani atanivuta mguu. Akanyanyuka, nikasikia akiwaambia wapakizi, "Kaeni."

Mama alipiga. Mlio wa kwanza juu ya kichwa chako, ukiwa umelala pale, unaingia mpaka kwenye meno. Mipira ikatawanyika. Mmoja ukaanguka kwenye kona ya mlango, nikaona ngozi ikishuka kidogo, ikatulia. Mwingine kona ya pili. Mwingine. Nikawa nasikia miguu ya Mama ikizunguka, anasimama, anapiga, anazunguka. Hakuugusa huu mfuko wa dirishani. Kila njia iliyokuwa inaelekea huku aliikwepa, mara nyingine kwa kona ngumu mpaka nesi anavuta pumzi.

Nikapata washa. Nikapitisha bolti ya pili kutoka juu kwa kunyoosha mkono kando ya ukingo, watu wakaona mkono unatoka chini ya meza kama nyoka, unachomeka bolti, unarudi. "Kazi iendelee," Bibi akasema.

"Shemeji anauchezea mfuko mmoja kwa adabu sana," Baba mdogo akasema.

"Nauacha wa mwisho," Mama akajibu. Mlio. Ngozi ikashuka, ikatulia.

Nati ilikataa. Iliingia mzunguko mmoja, ikakaa upande, ikatoka, ikaniangukia jichoni. Nikaifuta na shati. Nikahesabu ngozi kwa macho: mipira yote imeshaingia, umebaki mweusi peke yake, ule wa kumalizia mchezo.

"Mweusi," Mama akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "wa kati, upande wa dirisha."



"Mwanangu. Tayari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nati ilikuwa imeshika mizunguko miwili, labda ingetosha.

"Bado," nikasema. "Nusu ya nati."

Nesi akacheka, akajiziba mdomo.

"Nakusubiri," Mama akasema.

Nimekaza. Sijawahi kufanya kitu taratibu hivyo. Spana robo duara, pumzika, robo duara, pumzika, mpaka mkono ukaniambia basi, kama mlango unapofungwa na kukaa. Nikaushika mfuko kwa vidole vyote, nikautikisa. Ukanitikisa mimi.

"Piga."

Aliupiga kwa nguvu, mjeuri yule, angeweza kuusukuma tu. Mweusi ulikuja kama umetumwa kuniua, ukagonga ngozi upana wa kiganja kutoka puani kwangu. Ngozi ikashuka. Ikapanda kidogo. Ikatulia.

Nilisubiri kelele. Nikasikia viatu vinavyong'aa vikitembea mpaka mfuko wa dirishani, mkono ukaingia, ukautoa mweusi, ukaugonga tena ndani kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Halafu Baba mdogo akamwambia seremala, "Nikulipe mafuta ya lori. Hakuna mbao hapa."

Nilipotoka chini, nusu ya uso wangu nyeusi, alikuwa amekwishafika mlangoni. Akageuka.

"Vile vichwa vya bolti," akasema, "vimepangika. Sikutegemea."

"Unakaribishwa Jumamosi, Baba mdogo. Ila uvue viatu, zulia jipya."

Hatuna zulia jipya. Aliondoka akijua hivyo.

Jumamosi, 18 Mei

Leo fundi viatu amekuja kufungwa kistaarabu, akafungwa kishenzi. Baba mdogo hakuja, lakini ametuma kiti chenye mikono kwa ajili ya Bibi, kikawekwa pembeni ya meza ili aone mchezo vizuri.

Jioni limetokea jambo ambalo halijawahi kutokea: nesi amemfunga Mama. Mama aliitazama meza muda mrefu, akaja kunitafuta uani.

"Mifuko imebana mno," akasema. "Mpira unagonga mdomo unarudi. Ilegeze kidogo."

Nimekataa.